Mgeni juu ya skuta: Safari kutoka sitaha ya meli hadi mjini Mombasa

MELI ya kitalii inapofunga kamba katika bandari ya Kilindini, abiria wengi hushuka kwa dakika chache, wakapanda magari na kwenda zao mjini. Kwa abiria asiyeweza kutembea, au anayetembea kwa taabu, dakika hizo huenda zikawa ngumu kuliko siku zote alizokaa baharini.

Ndani ya meli za kisasa yapo mengi ya kumfaa: lifti, milango mipana, bafu zenye vishikio na wahudumu waliofunzwa kazi hiyo. Nje ya meli huanza dunia nyingine. Ngazi moja isiyo na mteremko kando yake, au ukingo wa barabara wenye kimo cha shubiri, hutosha kukatiza safari aliyoiwekea akiba kwa muda mrefu.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu anayetumia skuta anavyoweza kuizuru bandari kama Mombasa, yapi ayapange mapema, na kwa nini jambo hili lawahusu wenyeji kuliko linavyomhusu mgeni.

Skuta ni chombo gani?

Skuta inayozungumziwa hapa si pikipiki. Ni kigari cha betri chenye magurudumu matatu au manne, kiti kimoja na usukani ulio mbele ya mtumiaji. Hutofautiana na kiti cha magurudumu kwa kuwa aghalabu hutumiwa na watu wanaoweza kusimama na kupiga hatua chache, lakini hawana nguvu za kwenda mbali. Miongoni mwao ni wazee wenye maumivu ya viungo, wagonjwa wa moyo au mapafu, na wale ambao misuli yao imedhoofika.

Chombo cha kwanza cha aina hii kiliundwa mwaka wa 1968 na Allan Thieme, fundi wa mabomba katika jimbo la Michigan nchini Marekani, aliyetaka kumsaidia jamaa yake aliyekuwa na maradhi ya neva. Alikipa jina Amigo, neno la Kihispania lenye maana ya rafiki.

Leo zipo skuta za namna mbili kuu. Ndogo hukunjwa au hufunguliwa vipande vikaingia katika buti ya gari, na mwendo wake ni kama kilomita 6 kwa saa. Kubwa huwa na magurudumu mapana na betri nzito, na nchini Uingereza sheria huziruhusu kwenda karibu kilomita 13 kwa saa barabarani.

Hapo ndipo penye utata. Skuta inayofaa ndani ya meli ni ile ndogo, kwa kuwa lazima ipite katika mlango wa chumba na kuhifadhiwa humo. Kuiacha katika ujia ni kuwazibia wengine njia ya kuokoa maisha moto ukizuka. Lakini skuta hiyohiyo ina magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Ikikutana na shimo, mchanga au jiwe lililochomoza, hukwama.

Maandalizi kabla ya kung'oa nanga

Anayekusudia kusafiri na apime upana, urefu na uzani wa skuta yake, na uzani wa betri peke yake. Takwimu hizo ndizo zitakazoulizwa na kampuni ya meli, na wakala wa magari, na hata shirika la ndege iwapo safari ya majini itaanzia nchi nyingine.

Kuhusu ndege, kanuni za kimataifa ni kali kwa betri za lithiamu. Betri inayotolewa katika skuta ili isafirishwe ndani ya ndege haipaswi kuzidi nguvu ya wati-saa 300. Zikiwa mbili, kila moja isizidi 160. Kipimo hiki huandikwa kwenye betri yenyewe. Abiria asipokiona, na amuulize muuzaji kabla ya kufika uwanjani.

Jambo la pili ni kutoa habari mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni iliyopitishwa mwaka wa 2010 na kuanza kutumika Desemba 2012 humpa abiria mwenye ulemavu haki ya kusaidiwa bandarini na melini bila malipo ya ziada, mradi atoe taarifa angalau saa 48 kabla. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2005 kwamba sheria ya nchi hiyo inayolinda watu wenye ulemavu yaweza kuzihusu hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa katika maji yake.

Swali la tatu ndilo kuu kuliko yote: je, meli itafunga gatini, au itatia nanga nje na kuwashusha abiria kwa mashua? Jibu lake huamua iwapo mwenye skuta ataiona nchi kavu au ataitazama tu kutoka sitahani.

Mashua, mlango unaofungwa

Bandari nyingi za kitalii duniani hazina kina cha kutosha au gati refu la kupokea meli kubwa. Abiria huteremka hadi kwenye mashua inayoyumba kwa mawimbi, kisha wakavushwa hadi ufuoni. Kampuni nyingi hukataa kuipakia skuta nzito katika mashua hiyo, na nahodha akiona bahari imechafuka anaweza kuwazuia kabisa watu wasioweza kupiga hatua.

Mfano mashuhuri ni kisiwa cha Santorini nchini Ugiriki. Meli hutia nanga chini ya jabali, na kutoka bandari ya zamani hadi mji wa Fira ulio juu kuna ngazi zaidi ya 500. Pasingekuwepo magari ya kamba yanayopandisha watu, mwenye skuta asingekuwa na la kufanya. Hata hivyo, kuyafikia magari hayo humbidi kwanza avuke kwa mashua.

Mombasa imejaliwa kwa hili. Kilindini ni bandari ya asili yenye kina kirefu, na meli za abiria hufunga gatini moja kwa moja. Katika gati namba 1, ghala la zamani liligeuzwa kuwa jengo la kupokea abiria wa meli za kitalii, kwa ushirikiano wa Halmashauri ya Bandari nchini (KPA) na shirika la TradeMark East Africa.

Maji kujaa na kupwa

Hata gatini, kuna hesabu ambayo mgeni wa kutoka nchi za bahari tulivu huenda asiijue. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa Mombasa huzidi mita 3. Meli hupanda na kushuka pamoja na maji, ilhali gati halisogei. Daraja la kushukia ambalo asubuhi lilikuwa karibu tambarare, baada ya saa sita laweza kuwa mwinamo mkali.

Kipimo kinachotambuliwa na wajenzi katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila hatua moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa hatua 12. Kwa hesabu hiyo, kimo cha mita 3 chahitaji mteremko wa mita 36. Madaraja ya kushukia abiria kwa kawaida ni mafupi kuliko hayo. Ndiyo sababu mabaharia hubadilisha mlango wa kutokea kulingana na maji, mara sitaha ya chini, mara ya juu.

Kwa hiyo mwenye skuta na aulize jioni ya kutangulia: maji yatajaa saa ngapi, yatapwa saa ngapi, na daraja litawekwa sitaha ipi? Majedwali ya maji hutayarishwa kwa mwaka mzima. Na mvuvi wa Likoni hahitaji hata jedwali. Hutazama mwezi tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yuajua kwamba bamvua li karibu. Katikati ya siku hizo huja maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo na daraja halibadiliki sana.

Mwinamo ukiwa mkali, lililo salama ni abiria kushuka kwanza, kwa miguu akiweza au kwa kiti cha magurudumu kinachoshikwa na mabaharia wawili, kisha skuta iteremshwe tupu. Skuta yenye mtu huwa nzito upande wa juu, na yaweza kupinduka.

Kutoka lango la bandari

Kilindini ni bandari ya mizigo kabla ya kuwa ya watalii. Malori, matrela na mitambo ya kupakua makasha haipumziki kwa sababu mgeni amefika. Kwa hivyo abiria hawaachiwi kuzurura humo. Husafirishwa kwa gari hadi nje ya eneo la kazi. Mwenye skuta na ahakikishe mapema kwamba gari hilo lina mteremko au lifti ya kumpandisha.

Kutoka gatini hadi Fort Jesus ni takriban kilomita 3. Kwa mwendo wa skuta ndogo hiyo ni nusu saa, na betri nzima ingetosha kwenda na kurudi mara kadhaa. Lakini hesabu ya karatasini si hesabu ya barabarani. Njia ya waendao kwa miguu hukatika ghafla, hugeuka kuwa maegesho ya bodaboda, au hutandazwa bidhaa za wachuuzi. Mwenye skuta hujikuta barabarani kati ya matatu na malori.

Tuktuk, ambazo ndizo mguu wa wakazi wengi wa Mombasa, humchukua abiria bila shida akiweza kujiinua, lakini skuta haiingii isipokuwa ile ya kufunguliwa vipande. Matatu nazo zina ngazi ndefu mlangoni na nafasi finyu ndani. Lililo bora ni kukodi gari la nafasi kupitia kwa wakala kabla ya meli kufika, na kumweleza waziwazi kwamba kinachohitajika ni njia ya kupandisha chombo chenye uzani fulani. Asiambiwe tu kwamba kuna "mgeni mlemavu".

Mji na vivutio vyake

Katika barabara ya Moi ziko zile pembe kubwa za ndovu zilizotengenezwa kwa aluminiamu katika miaka ya 1950, mahali ambapo wenyeji hupaita Mapembeni. Hapa mgeni hahitaji kupanda popote, kwa kuwa mandhari yenyewe yako barabarani. Tatizo ni kuvuka barabara.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka wa 2011 ilitiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Ngome hujengwa ili kuwazuia watu wasiingie, na hii haikukiuka desturi hiyo. Kiingilio chake hupanda kupitia langoni, kisha hufunguka katika ua mpana. Huko uani mgeni aweza kutazama mengi, ingawa sakafu si sawa kila mahali. Kuta za juu, zenye mandhari ya mlango wa bahari, hufikiwa kwa ngazi.

Mji wa Kale ulio jirani una neema na dhiki zake. Vichochoro vyake vyembamba huwazuia madereva wa magari makubwa, na hilo humpa nafuu mwenye skuta. Milango ya nakshi, baraza za mawe na roshani za mbao hutazamwa kutoka njiani. Hata hivyo, maduka mengi yana ngazi moja au mbili kizingitini, na pale penye matofali ya kabro skuta hutikisika kiasi cha kumuumiza mwenye maradhi ya mgongo.

Anayetaka kupumua hewa ya miti aweza kuvuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980, hadi Haller Park huko Bamburi. Yalikuwa machimbo ya saruji, ambayo Rene Haller alianza kuyapanda miti mwaka wa 1971. Yalifunguliwa kwa umma mwaka wa 1984. Kwa kuwa ni sakafu ya machimbo, sehemu kubwa ni tambarare, na twiga huonekana bila kupanda kilima.

Penye mashaka, kuna mwalimu asiyelipwa: hamali wa mkokoteni. Yeye hujua kila mteremko, kila shimo na kila ukingo wa barabara katika mtaa wake, kwa sababu magurudumu yake huzuiwa na yaleyale yanayoizuia skuta. Njia anayoipita hamali na mzigo wake ndiyo njia ya kuulizia.

Betri, jua na saa

Meli nyingi za kitalii huja katika msimu wa kaskazi, hasa kati ya Novemba na Machi, ambapo jua la Mombasa ni kali. Mwenye skuta na abebe maji, kofia na nguo ya kufunikia kiti, kwani kiti cheusi kilichoachwa juani huchoma. Mvua ya ghafla ikinyesha, kifaa cha usukani kifunikwe kwa mfuko wa plastiki kabla ya kitu chochote kingine.

Kanuni ya betri ni nyepesi kukumbuka: kipimo kikifika nusu, geuka urudi. Mchanga, miinuko na uzani wa mtumiaji hula nguvu kuliko mtengenezaji alivyoandika. Anayetaka kuchaji mjini akumbuke kwamba Kenya hutumia umeme wa volti 240 na plagi ya meno matatu ya mstatili kama ya Uingereza.

Meli nayo haina subira. Ikifika saa ya kuondoka, huondoka, na aliyechelewa hujitafutia njia ya kuifuata bandari inayofuata. Anayehitaji usaidizi kupanda daraja na arudi mapema kuliko wenzake, akijua pia kwamba maji ya jioni si maji ya asubuhi. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa.

Kuinuliwa si kuingia

Wapwani ni watu wa ukarimu. Mgeni akikwama mbele ya ngazi, vijana watatu au wanne watajitokeza na kuiinua skuta pamoja na mwenyewe juu yake. Nia ni njema, lakini kuna hatari. Skuta ndogo yaweza kuwa na kilo 30 hadi 50, na kubwa huzidi 100. Ikishikwa mahali pa plastiki au kwenye vikono vya kiti, hung'oka, na mtu huanguka.

Anayetaka kusaidia na aanze kwa kuuliza. Mwenye skuta ndiye ajuaye pa kushika. Ashuke kwanza, betri itolewe, kisha chombo kinyanyuliwe kwa chuma chake cha chini.

Lakini hata ikifanywa kwa ustadi, kuinuliwa si kuingia. Mtu mzima anayebebwa kizingitini mbele ya macho ya watu, kisha akangoja wambebe tena atoke, hajapewa nafasi sawa na wenzake. Amehurumiwa. Huruma si kitu kibaya, ila mteremko wa saruji wa mita mbili ungemhifadhia heshima yake kila siku, bila kumtegemea mpita njia.

Sheria yasemaje?

Kenya si maskini wa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitambua haki ya kuwa katika mazingira yasiyo na vizuizi. Vifungu vyake kuhusu majengo na magari ya umma vilianza kutumika mwaka wa 2010, vikiwapa wenye majengo miaka mitano na wenye magari miaka miwili kufanya marekebisho. Muda huo ulikwisha zamani.

Mwaka wa 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka wa 2006. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, humhakikishia mtu mwenye ulemavu njia ifaayo ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Mnamo Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Pengo basi haliko vitabuni. Liko kati ya gati na lango, kati ya lango na kituo cha matatu, na kati ya barabara na kizingiti cha duka.

Faida ya mwenyeji

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mji ujisumbue kwa ajili ya wageni wachache wanaokaa saa nane na kuondoka? Swali hili lina jibu la kibiashara. Wasafiri wa meli za kitalii wengi ni wazee, na anayebaki melini kwa kuhofia ngazi hanunui kinyago, halipi tuktuk wala haingii hotelini. Aghalabu mwenziwe naye hubaki ili asimwache peke yake.

Lakini jibu zito zaidi ni jingine. Ngazi inayomzuia mgeni kwa siku moja humzuia mkazi wa Kisauni, Changamwe au Likoni maisha yake yote. Mgeni akikwama hurudi melini, penye lifti na mlango mpana. Mkazi akikwama hurudi nyumbani, na kazi aliyokuwa akiiendea huenda kwa mwingine.

Mteremko unaojengwa kwa ajili ya skuta ya mtalii hupitiwa na kiti cha magurudumu cha mwanafunzi, kigari cha mtoto mchanga, mkongojo wa bibi anayeenda kliniki na mkokoteni wa hamali. Hakuna hata mmoja wao anayeulizwa paspoti.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda mrefu methali hiyo imefasiriwa kuwa ni chakula kizuri kinachopikwa nyumbani mgeni anapofika. Bandarini, uponaji huo wapimwa kwa zege: pale ukingo wa barabara unapokatwa na kulainishwa, nao ukabaki hivyo baada ya meli kung'oa nanga na kutoweka upeoni.